Mkurugenzi na Akina Tumaini Wake

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza, alitoa karatasi laini mkobani akakipangusa kiti chetu kabla ya kukikalia. Kiti hakikuwa kichafu. Nilikuwa nimekifuta mwenyewe asubuhi ile, kwa sababu dada yangu mkubwa, anayeishi mji mwingine, alinipigia simu akaniambia anakuja mgeni wa maana. Mgeni wa maana akapangusa, akaitazama karatasi, akaikuta safi, na bado akakunja uso kama aliyekuta kitu.

Alivaa nyeupe tangu mtandio hadi viatu. Baadaye nilikuja kujua kwamba huvaa nyeupe siku zote ili watu wamdhanie muuguzi. Hajawahi kuwa muuguzi hata kwa ndoto. Alianza kwa kukodisha viti na maturubai ya harusi. Biashara ile ilipodorora akafungua saluni. Saluni ilipokufa akatazama huku na huku, akaona wazee wanazidi mjini na watoto wao hawana nafasi, akatundika kibao cha kupeleka wahudumu majumbani kwa wagonjwa na wazee. Aliyezoea kupanga viti akaanza kupanga watu, na sioni kama alibadilisha kitu kingine zaidi ya kibao.

"Mniite Mkurugenzi," alisema.

Nikamwita Mkurugenzi. Mimi ni fundi bomba, shule yangu iliishia ya msingi, na mbele ya watu wanaojipa vyeo ulimi wangu hujificha. Wakitaka niwaite hata mfalme nitawaita, ili mradi waondoke mapema.

Mama alikuwa chumba cha mbele, ambako tulimhamishia apate mwanga wa dirisha. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia pamoja na maneno yake yote, kikamwachia neno moja tu: "Toka." Mama alikuwa fundi cherehani maisha yake yote. Aligombana na wateja, akagombana na wauza vitambaa, akagombana na marehemu baba, na wote walirudi kesho yake kwa sababu kugombana naye kulikuwa na utamu wake. Sasa ugomvi wote ule ulikuwa umebanwa kwenye neno moja. Tena alikuwa ameacha kula. Daktari alimpima akasema koo ni zima, kumeza anaweza, ila hataki. Nikimpelekea kijiko alifunga mdomo na kugeuzia uso ukutani. Mabega yake yalianza kuchomoza chini ya kanga kama henga za nguo.

Mkurugenzi alisimama miguuni pa kitanda, mbali kidogo, kama mtu anayechungulia karo lililofurika.

"Mgonjwa anajitambua?" akaniuliza.

"Anasikia kila kitu," nikasema. "Unaweza kumuuliza mwenyewe."

"Nimekuuliza wewe, kaka."

"Toka," mama akasema.

"Masikini, anasalimia," Mkurugenzi akasema, akatabasamu kuelekea dirishani.

Kisha akanieleza kanuni zake. Kesho yake angekuja Tumaini. Akichoka huyo, angekuja Tumaini mwingine. Wahudumu wote wa ofisi yake waliitwa Tumaini, wanene na wembamba, wa jana na wa leo. "Familia zikijua majina zinaanza kuchagua," alisema. "Namtaka fulani, simtaki fulani. Mimi siendeshi kilabu cha mpira. Ukiita Tumaini, Tumaini anakuja." Mhudumu hakuruhusiwa kupeana namba ya simu na watu wa nyumba. Hakuruhusiwa kukaa nyumba moja hadi akazoeleka, maana akishazoeleka, familia itamshika mkono na kuisahau ofisi. Na alitakiwa kuzungumza na mgonjwa kwa sauti aliyoiita ya asali. Akatuonyesha sauti yenyewe. Mama akafumba macho.

Tumaini wa kwanza alikuja na asali yake. "Bibi mpenzi, kijiko kimoja tu, kwa ajili yangu." Mama akatazama ukuta. Wa pili alikuwa mrefu, mwenye huruma nyingi kiasi kwamba alilia yeye, mimi nikawa namletea maji ya kunywa huku mama akitutazama wote wawili kwa dharau. Sitaki kuwasema vibaya wasichana wale. Walifanya walichofundishwa. Aliyewafundisha ndiye hakuwahi kushika beseni.

Ndipo akaja Tumaini mwenye mwanya.

Alifika akihema, jasho likimtiririka shingoni, viatu mkononi.

"Toka," mama akamwambia kabla hajaweka mkoba chini.

"Nitoke niende wapi?" msichana akasema. "Nimetembea kutoka stendi mpaka hapa, viatu vimenila vidole, halafu unanifukuza? Sitoki. Kama umechoka kukaa humu, toka wewe."

Nilikuwa mlangoni na spana mkononi, nikaganda. Mama naye akaganda. Tangu augue hakuna aliyemjibu. Sote tulikuwa tukimwambia ndiyo mama, pole mama, sawa mama, kama watu wanaopita karibu na mbwa aliyelala.

Msichana akavuta kiti bila kukipangusa, akafunua bakuli, akaukoroga uji. "Huu kapika nani?"

"Mimi," nikasema.

"Si ajabu. Bibi, mwanao kakupikia uji au alitaka kupiga lipu ukuta?"

Pembe ya mdomo wa mama, ile ya kushoto iliyobaki hai, ikatikisika. "Toka," akasema, lakini kwa sauti niliyokuwa nimeisahau, ile aliyokuwa akimwambia mteja aliyeleta kitambaa kidogo akitaka gauni kubwa.

"Nitatoka bakuli likiisha. Usipokula nitakula mimi, na nikishanenepa nitakuja kukukalia."

Mama akafungua mdomo. Labda alitaka kusema toka tena. Kijiko kikawahi.

Utaniuliza kwa nini mimi sikumfanyia hivyo. Utani wa namna ile ni haki ya mjukuu kwa bibi yake, na yule msichana alikuwa na umri wa mjukuu. Mimi ni mtoto wa tumboni mwake. Nilijaribu mara moja, nilipobaki naye peke yangu. Nikasema, "Mama, ukikataa kula mimi nita..." Mama akanitazama. Nikamalizia kwa kumwambia samahani.

Basi siku zikaenda, mama akawa anapigana huku akila. Alimrushia msichana mto kwa mkono wa kushoto, na msichana akaurudisha akimwambia ametupa kama mtoto wa chekechea. Siku moja mama alishika pindo la sketi ya yule binti, akalipindua, akautazama mshono, akasonya kwa nguvu.

"Unausonya mshono wangu? Nimeshona mwenyewe."

"Mwongo," mama akasema.

Lilikuwa neno la pili. Nilitoka nje nikajifanya natazama mita ya maji.

Mkurugenzi alikuja bila taarifa, kwani alipenda kuwavizia wahudumu wake. Mimi ndiye niliyemfungulia. Tulipofika mlangoni mwa chumba tukasikia, "Fungua mdomo, bibi kizee, hapa si benki, hatusubiri meneja alete ufunguo." Mama alikuwa anacheka, uji ukimchuruzika kidevuni. Bakuli lilikuwa linaonyesha ua lake la chini, maana yake limekwisha. Mtu mwenye macho angeliona bakuli. Mkurugenzi aliuona uji wa kidevuni, akarudi nyuma nusu hatua kulinda gauni.

"Tumaini. Nje."

"Anakula," nikasema.

"Kaka, hapa tunazungumzia heshima."

"Anakula," nikarudia. Sikuwa na lingine, na kwangu mimi hayo mawili yalikuwa hotuba.

"Mgonjwa anatukanwa na wewe umesimama na spana," akaniambia, na akampigia simu dada yangu palepale, kwa sauti ya asali. Dada yangu yuko mbali, haoni bakuli wala kidevu. Alisikia kwamba mama anaitwa bibi kizee, akalia kwenye simu, akamshukuru Mkurugenzi kwa kutulindia mzazi. Nilipompigia mimi baadaye nikakwamakwama, akaniambia, "Wewe hujui mambo haya, mdogo wangu, waachie wenye taaluma."

Mwenye mwanya akaondoka, kesho yake akaja Tumaini mwingine. Mama alimtazama, akatazama mlango nyuma yake kama anayesubiri mtu wa pili aingie, kisha akageukia ukuta. Hakusema hata toka. Mabega yakarudi kuchomoza. Daktari alipokuja akamwinua ngozi ya mkono kwa vidole viwili, akasema akiendelea hivi itabidi kumpitishia mpira wa chakula puani, na kwa kuwa ana mkono mmoja wenye nguvu na ghadhabu ya kutosha kuung'oa, mkono huo utafungwa kitandani. Ule wa kushoto. Ule wa kurushia mto.

Nikavaa shati la kwendea misibani nikaenda ofisini.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la simu, ikinukia dawa ya hewa. Katikati ya chumba palikuwa na kitanda cha hospitali, na juu yake amelazwa mdoli mkubwa wa plastiki, wale wanaosimamishwa madukani kuonyesha nguo. Alivishwa gauni la kulalia na kilemba ili awe bibi, bibi mwenye kiuno cha nyigu na kucha nyekundu. Wasichana wanne walipanga foleni. Mmoja mmoja alipeleka kijiko kitupu kwenye midomo iliyochorwa, akasema bibi mpenzi, akapangusa pasipo na kitu.

"Umeona?" Mkurugenzi akaniambia. "Mgonjwa akihudumiwa kwa heshima, anatulia."

"Huyu ni plastiki," nikasema.

Msichana mmoja akageuka kukohoa.

"Huyu ni mfano, kaka. Wewe mwenzangu ni fundi, utaelewa, hata bomba lina mfano wake kwenye karatasi."

Nilitaka kumwambia kwamba bomba la kwenye karatasi halijawahi kuvuja. Neno lilinijia nikiwa nimeshashuka ngazi, kama kawaida yangu. Pale nilisema tu kwamba namtaka yule mwenye mwanya.

"Sina mfanyakazi anayeitwa Mwanya. Nina Tumaini."

"Basi yule Tumaini. Mama atawekewa mpira puani."

"Yule nilimfukuza siku ileile. Na kwa taarifa yako hata yeye hakutaka kurudi kwenu. Alisema nyumba inanuka." Akaniangalia shati. "Niletee Tumaini mwingine?"

Nilirudi nyumbani nikanusa nyumba. Ilinukia sabuni ya kipande na uji. Ndivyo dharau inavyofanya kazi, inakufanya uende ukanuse kwako mwenyewe.

Siku chache baadaye mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye huwapa wateja wake namba yangu, alinipigia. Kuna nyumba sinki la jikoni limeziba, wanataka fundi sasa hivi. Nikaenda. Mlinzi akanifungulia geti, akanipitisha mlango wa nyuma. Jiko lilikuwa jeupe kotekote, vigae, makabati, hata mtungi wa gesi ulivalishwa kitambaa cheupe. Nikajilaza chini ya sinki, nikafungua kona ya bomba, na miezi yote ya mafuta na masalia ya wali ikanimwagikia kifuani. Jikoni watu hujifanya wasafi, lakini sisi mafundi ndio tunaoonana na ukweli wao.

Nikiwa humo nikasikia sauti kutoka chumba cha pili.

"Mzee, fungua mdomo, hapa si benki, hatusubiri meneja alete ufunguo."

Nilinyanyuka nikiwa bado chini ya sinki. Kipaji cha uso kina alama mpaka leo.

"Nani anavunja nyumba huko?" sauti ikauliza, na mwenye mwanya akatokea mlangoni na bakuli mkononi. Akanitazama tangu juu hadi chini. "Kaka wa uji wa lipu?"

"Ndiyo mimi."

"Bibi yangu yuko hai?"

"Yuko. Amekataa kula. Anatazama mlango."

"Anatazama mlango wakati mlinikataa?" Uso wake ukawa mgumu. "Niliambiwa mmesema mko watu wa heshima, hamtaki mtoto wa mtaani amguse mama yenu. Nikanyamaza. Nitafanya nini, kwa watu si kwenu."

"Sisi tuliambiwa umefukuzwa," nikasema. "Tukaambiwa umesema nyumba yetu inanuka."

Tukatazamana. Chumbani mtu akagonga sahani kwa kijiko.

"Wewe msichana! Umeniahidi kunichinja tangu asubuhi, huji kunichinja, unazungumza na mabomba."

"Ngoja ninoe kisu, mzee," akajibu bila kugeuka. Kisha akaniambia polepole, "Hujui nyumba ya nani hii? Huyo ni baba yake Mkurugenzi. Alikuwa dereva wa lori. Akina Tumaini wa asali aliwatimua wote kwa fimbo. Nikaletwa mimi, nikaambiwa nisionekane barabarani."

Nilikaa juu ya ndoo. Huyo Mkurugenzi basi ndiye aliyetufundisha heshima. Kwetu maneno yale yalikuwa matusi, kwake yalikuwa dawa, akaichukua dawa yetu akaificha kwake. Mwizi wa kuku angalau humkimbia mwenye kuku. Huyu alitupigia simu kutuomba tumshukuru.

Mkurugenzi akaingia kwa mlango wa mbele. Nyeupe kama kawaida. Akanitazama na hakunitambua. Watu kama mimi tunatambulika kwa kazi tu, ukitubadilishia chumba tunapotea.

"Fundi, sinki tayari?"

"Mama yangu hajala," nikasema.

"Mama yako nani?"

"Yule aliyekusalimia."

Hapo akanijua. Macho yakaenda kwa mwenye mwanya, yakarudi kwangu, yakatafuta pa kukaa. Nikadhani ataona haya. Nilikosea. Haya ni kitu cha kurithi, na siku ya kugawana yeye alisahaulika.

"Kaka, uelewe," akasema. "Baba yangu ni mtu wa namna yake. Hawezi kuhudumiwa na kila mtu."

"Na mama yangu je?"

"Mama yako ana Tumaini."

Alisema hivyo bila kupepesa, na akaona amejibu. Nimekutana na watu wabaya katika kazi yangu, watu waliochimba choo karibu na kisima cha jirani, lakini wao walijua walichofanya na walifanya usiku. Huyu alisimama mchana kweupe.

Mwenye mwanya akaweka bakuli mezani, akafungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya mtungi wa gesi.

"Leo nakwenda kwa bibi," akasema. "Mzee nitakuja kumlisha asubuhi, kama utanifungulia geti. Na mimi siitwi Tumaini." Akamtajia jina alilopewa na wazazi wake, silabi kwa silabi, kama anayemfundisha mtoto kusoma.

Kisha akachungulia chumbani. "Mzee, naondoka. Kesho nikikukuta umekonda nakuuza."

"Utapata hasara," mzee akasema. "Nenda salama, mwizi wa uji."

Akatoka kwenda kuchukua mkoba wake chumba cha uani. Mimi nikarudi chini ya sinki. Kazi ya mtu siiachi wazi, hata awe nani, maji hayana kosa. Nikafunga kona, nikajaribisha, yakaenda.

Jioni ile mama alimwona mwenye mwanya mlangoni, akamwambia toka, toka, toka, machozi yakimtoka, na akala bakuli zima huku akitukanwa uzuri. Habari ya mpira wa puani haikuzungumzwa tena. Dada yangu nilimpigia, na safari hii nikampa simu mama aseme mwenyewe. Mama akasema, "Mwongo," dada akaelewa ni nani. Yule mzee naye analishwa asubuhi, maana aligoma mpaka geti likafunguliwa. Wasichana wa ofisini wanasema mdoli bado yupo, na amebadilishiwa kilemba. Mkurugenzi akipishana nami njiani huniona kama ukuta wa mtu mwingine, hivyo sijasikia tena sauti yake.

Ya mwisho ilikuwa ya palepale jikoni, nilipokuwa nakusanya spana zangu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa baba yake, bakuli amelishika mbali na gauni kwa ncha za vidole, kama ameshika panya. Uji ulikuwa nusu. Alijaribu kusema, "Baba mpenzi," lakini asali haikutoka.

"Nani huyo amening'inia mlangoni kama chandarua?" mzee akauliza. "Ingia au utoke, nina njaa."

Hakuingia. Alitazama kijiko, akatazama gauni lake, akanigeukia mimi na matope yangu ya sinki, na kwa mara ya kwanza aliniangalia kama mtu mwenye manufaa.

"Fundi," akasema, "wewe si umeshachafuka? Ingia basi umlishe."